Macho ya Dominiko

“Anguka,” Dominiko alisema, na Fransisko akaanguka chali.

“Vizuri. Nimekuchukua.”

Alois alifyonya kwa sauti ili asikike. Hivyo ndivyo mzee huyu alivyokuwa akichagua wavuta kamba wa Mgeta! Mtu anaambiwa aanguke, akianguka anasifiwa. Tena Fransisko mwenyewe alikuwa anachechemea tangu juma lililopita, eti kachomwa na mwiba.

Kwa miaka mitatu Dominiko alikuwa mwalimu wa kamba, na kwa miaka hiyo mitatu Mgeta waliwaburuta Kinole mbele ya boma la Morogoro, siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani. Dume la ng'ombe la zawadi likapandishwa milimani, likaliwa. Mwaka huu jumbe akamkweza mzee: asifundishe tena, kazi yake iwe kuchagua watu, na neno lake lisipingwe. Kufundisha akapewa Alois. Hapo ndipo Alois alipogundua kwamba mzee hana jicho. Kumfundisha mwenye nguvu, nani asiyeweza? Nguvu zilikuwa za vijana, sifa akabeba yeye.

Tangu alipotoka boma kuulizia siku ya mashindano, mzee alikuwa hasemi na mtu. Kazi yake kuangusha watu tu. Alimchukua Furaha, aliyeanza kukohoa juzi. Akamchukua mmoja aliyelalamika mgongo. Mpaka jua linafika utosini alikuwa na watu wanane, na Alois asingewapa hata mtungi wa maji wakamletee.

Mwisho akaja Yakobo, mtoto wa Magdalena, dada yake Alois. Huyu peke yake alibeba boriti ya kanisa kutoka bondeni, na mapadri wakatoka nje kumshangaa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Wewe hapana,” Dominiko alisema, hata hakumwambia aanguke. “Panda ukamlimie mama yako. Na siku ya sikukuu usishuke mjini.”

Wenye nguvu wote aliwaambia vivyo hivyo. Wakaondoka vichwa chini.

Damu ilimchemka Alois. Alikuwa amemwahidi dada yake kwamba mwaka huu boma watamjua Yakobo, wampe kazi ya maana, atoke kwenye jembe.

“Mzee, unajua unachofanya?”

“Najua.”

“Akida ni rafiki yangu, hanifichi kitu. Ananiambia Bwana Mkubwa wa boma mwenyewe atashuka barazani kuwatazama wavutaji. Unataka aone hawa?”

“Najua ni rafiki yako,” Dominiko alisema, akaanza kukunja kamba.

Jibu gani hilo? Mzee alikuwa amechakaa, basi. Alois aliacha ualimu palepale, akamchukua Yakobo, wakashika njia ya Kinole. Kule walikuwa na watu saba wa shoka na walikuwa wanatafuta wa nane. Walipomwona Yakobo hawakuuliza mara mbili.

Yakobo ndiye aliyesita. “Mjomba, mzee Dominiko amenikataza kushuka.”

“Dominiko ni nani kwako? Mjomba wako ni mimi. Nikisema twende, tunakwenda.”

Na kweli, kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake; hapo hapana la kuongeza. Magdalena alimfungia mwanawe mihogo ya kuchemsha, akamwambia amsikilize mjomba wake.

Siku ya sikukuu uwanja wa boma ulijaa. Bendera juu, askari wamejipanga, na chini ya mlingoti turubai refu limefunika vitu vilivyopangwa mstari. Watu wakanong'ona kwamba mwaka huu kuna zawadi ya kila mvutaji, si dume peke yake. Alois alihesabu vichuguu chini ya turubai, vikatimia vinane. Akamgusa Yakobo bega.

“Kimoja kile ni chako.”

Mgeta wakaingia. Fransisko anaburuta mguu, Furaha anakohoa mpaka anainama. Uwanja mzima ukacheka, na Alois akacheka kuliko wote. Ilipopulizwa filimbi, Yakobo na wenzake walivuta mara moja tu. Kamba ikawaponyoka Mgeta, wakaanguka wote wanane, chali, miguu juu, mmoja juu ya mwingine. Waliinuka, wakavuta tena, wakaanguka vilevile. Alois alimtafuta Dominiko kwa macho ili amwonyeshe kidole. Mzee alikuwa anatazama chini.

Bwana Mkubwa akashuka barazani akipiga makofi. Alipita mbele ya Kinole, akaminya mabega, akagonga vifua, akamtazama Yakobo toka kichwani hadi nyayoni na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Wale wanane wa Mgeta akawapungia mkono waende zao. Askari wakasogea nyuma ya washindi, turubai likavutwa.

Yalikuwa masanduku ya risasi, manane, yamekwisha kufungwa kamba za kubebea.

“Bwana Mkubwa anasema amepata watu aliowataka,” Akida alitafsiri, akikwepa kumtazama Alois. “Mnakwenda kusini, vitani. Mnaondoka sasa hivi.”

Yakobo alitwishwa sanduku lake. Akageuka nalo kichwani, polepole.

“Mjomba,” alisema, “mama utamwambia nini?”

Alois aligeuka kumtafuta Dominiko, amwombe, ampigie magoti. Mgeta walikuwa wamekwisha shika njia ya mlimani, mzee katikati yao. Hakuna aliyekuwa anakohoa. Na mbele yao wote, akiruka mawe kwa miguu yote miwili, alikimbia Fransisko.