Mgeni Nyuma ya Tumbo

Haya mjukuu wangu, tegua: mgeni amejificha nyuma ya tumbo langu, yeye anashiba, mimi nakonda. Ni nani? Ukishindwa, nipe mji.

Ni saratani ya kongosho. Daktari Mutayoba alinipasua, akaikuta imeshasambaa, akanishona. Asubuhi akaketi kando ya kitanda changu, macho mekundu, alama ya barakoa bado shavuni, akanieleza kuhusu dawa mpya anayoitafiti.

"Itaniponya, baba?"

Akaanza kunisimulia habari za panya wa maabara waliopona.

"Mimi si panya. Itaniponya?"

Akavua miwani, akaifuta kwa koti. Akaifuta tena.

"Kama hujui, baba, nipe mji."

Akacheka kwa uchovu.

"Chukua mtaa wote wa Pasiansi, Bibi. Na nyumba yangu imo humo."