Punda Alivyompunguzia Nyani Kazi

Zamani wanyama walipokuwa na timu yao ya mpira iliyocheza Jumamosi na Jumapili, Nyani alipigana ngumi Jumamosi na kucheza mpira Jumapili, na kote alishangiliwa. Punda alipangwa kucheza mbele Jumamosi tu, Nyani akiwa ulingoni. Wivu ukampeleka kwa kocha.

"Kocha," alimwambia Kobe, "yule ni mlafi. Ngumi zake, mpira wake! Mwambie achague moja."

Moyoni Punda aliamini bingwa mwenye mkanda kama Nyani haachi ngumi. Jumapili nayo ingekuwa yake.

Kobe, asiyependa kelele, akamwita Nyani, akamtaka achague. Nyani akajishika taya lililovimba.

"Ahsante, mzee. Mama watoto kila siku ananililia niache kupigwa kichwa, nami naona haya tu kuacha mwenyewe. Nachagua mpira."

Tangu hapo Nyani akacheza siku zote mbili, Punda akakaa benchi kulinda chupa za maji. Siku moja Nyani akamletea glavu zake.

"Ndugu yangu, kocha ameniambia wewe ndiye uliyenisemea. Chukua hizi, ulingo uko wazi."

Punda akazitazama, akatazama na kwato zake. Nyani alipofunga bao na uwanja ukalipuka kwa shangwe, akazivaa masikioni.