Jina la Nyumbani

Mashine iliyokuwa kando ya kitanda ndiyo iliyofanya kazi ya moyo wa Mwanasiti, mtoto wa miaka saba. Leo daktari alikuwa autoboe ukuta wa ndani wa moyo huo tundu dogo, damu iliyojaa ipate njia, moyo upumue.

"Nyumbani mnamwitaje?" nesi aliuliza, kalamu na plasta mkononi. "Nitamwita hivyo akizinduka."

Mama wa mtoto akamgeukia mkwewe, Bi Nunu. "Mwambie, mama. Wewe ndiye uliyempa."

Bi Nunu, ambaye mtaa mzima haujapata kumwona akikosa neno, akajikohoza. Ulikuwa utani tu wa bibi na mjukuu, jamani! Mtoto akipumzika mara tatu kutoka bombani na kindoo chake, naye akimzomea kutoka barazani.

"Kobe," akanong'ona.

"Nani?"

"Kobe, mwanangu. Usinitie aibu ya kulitamka mara ya tatu."

Nesi akaandika, akabandika kitandani. Watu wanne wakakisukuma kitanda pamoja na mashine, taratibu, mipira yake ya damu isije ikachomoka. Bi Nunu akafuata nyuma, mtandio mdomoni, na safari hii hakumhimiza Kobe akaze mwendo.