Tairi la Msalaba

Alois alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anafuta msalaba kwa kiganja.

Alishafuta kumi na mitatu tangu mlangoni kwa Otilia, mjane wa kijiji cha Mutuka, na mingine ilikuwa bado inamsubiri mpaka njia panda. Mama mmoja aliyekuwa akipita na debe la mahindi kichwani alisimama, akamtazama kwa heshima.

"Tumsifu Yesu Kristo. Unasali, baba?"

"Milele na milele, amina. Nasali, mama."

Mama akafanya ishara ya msalaba, akaenda zake kusaga.

Balaa lote lilitoka kwenye tairi la nyuma. Mwaka ule tairi la baiskeli lilikuwa adimu kuliko sabuni, na sabuni yenyewe watu walishaanza kuisahau harufu yake. Tairi la Alois lilipopasuliwa na jiwe kwenye mteremko wa Mutuka, alilishonea kiraka cha tairi la lori, akapitisha waya juu yake mara mbili, ukakatizana. Lilirukaruka kama punda mwenye kinyongo, lakini likatembea. Ila kila lilipozunguka, waya ule ulipiga muhuri wa msalaba ardhini. Mvua ikinyesha, ungedhani askofu amepita akiibariki njia nzima.

Na kuanzia Nakwa mpaka Bagara, kila mtu alijua tairi la msalaba ni la nani.

Mke wake, Paskalina, alikuwa na kaka watatu, wote wachinjaji. Alishamwambia mapema: "Baba Severine, siku nikisikia una mwanamke, mimi sigombani na wewe. Nawaita kaka zangu tu." Alois aliipenda ngozi yake mwenyewe ilivyokaa mwilini. Tena, na hili lilimuudhi mwenyewe, alimpenda Paskalina. Asingeweza kuishi bila yeye hata wiki moja. Kwa Otilia alikwenda kwa sababu Otilia alicheka vichekesho vyake, basi.

Kilichomtia hofu ni kwamba siku hizi kila asubuhi Paskalina alisimama uani, akaziangalia alama za tairi mpaka zinapopotelea barabarani.

"Mutuka tena leo? Utarudi saa ngapi?"

"Jioni. Kuku hawanunuliki haraka, Mama Severine. Watu wanaringa."

Wivu ule ulimkondesha Alois.

Ndipo akamkumbuka Leonsi. Leonsi alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Bagara, na ndiye aliyemsimamia Alois siku ya harusi yake. Majuzi alikuwa amepata tairi jipya kwa kibali, lenye meno mazito. Tairi la msalaba likihamia kwa Leonsi, Alois aliwaza, basi misalaba yote ya Mutuka, iliyopita na ijayo, ni ya Leonsi. Na Leonsi alikuwa mseja. Hakuwa na shemeji wenye visu. Kumbebesha dhambi zako msimamizi wako si jambo zuri. Alois alilikiri hilo moyoni, halafu akafungua mbuzi mmoja zizini, akaenda naye Bagara kuomba wabadilishane matairi, mbuzi awe nyongeza.

Leonsi alimkataa mbuzi.

"Chukua tairi tu, bwana harusi. Wewe ndiye msafiri. Mimi safari zangu ni za karibu." Akamsaidia hata kulivalisha kwenye gurudumu. "Hili litakufikisha mpaka Mbulu. Ukichoka, lala huko huko."

Alois nusura alie kwa aibu. Kumbe watu wema bado wapo.

Nyumbani hakukawia kutangaza. "Mama Severine, tairi la msalaba sasa ni la Leonsi. Ukiuona msalaba popote, ujue si mimi."

Paskalina alilibonyeza tairi jipya kwa kidole gumba.

"Na hili linakwenda mbali?"

"Mbali sana."

"Basi usiharakishe njiani," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akatabasamu.

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Alois alipanda mpaka Mutuka akiwa na tenga tupu na moyo mweupe, akakuta kufuli mlangoni kwa Otilia. Jirani akamwambia amekwenda Magugu kwenye harusi ya mdogo wake. Alois akageuza.

Ule mteremko! Tairi la zamani lingemtupa mtaroni mara tatu. Hili liliuma tope kwa meno yake yote, likapanda mawe likashuka mawe, likakata kona bila kuteleza hata kidogo. Alois aliachia breki akaimba wimbo wa Pasaka, ingawa Pasaka ilikuwa bado mbali. Njia aliyokuwa akiimaliza kwa kusukuma baiskeli nusu nzima, leo hakushuka hata mara moja. Kufika bondeni alikuwa ameshaamua: Otilia basi. Mtu mwenye tairi la namna hii ana sababu gani ya kuishi kwa kujificha?

Saa tano kasoro alikuwa nyumbani Nakwa, mapema kuliko siku yoyote ya ndoa yake, akitafuta kichekesho cha kumwambia mke wake.

Uani, kwenye tope jipya, kulikuwa na msalaba. Mbele yake mwingine. Ilitoka barabarani, ikapita jikoni, ikaenda moja kwa moja kwenye nyumba.

 Hakufikiri, aliwaona tu akilini wale kaka watatu. Aliangusha baiskeli, akapiga magoti, akaanza kufuta upesi kabla Paskalina hajatoka. Akafuta wa kwanza. Akafuta wa pili. Kiganja kilikuwa juu ya wa tatu, mbele ya mlango uliofungwa kwa ndani, alipokumbuka kwamba tairi lile halikuwa lake tena.