Biolojia Msimu wa Senene

Sampuli ya Kampire ilikuwa imekaangwa tena.

Aliifunika kwa bakuli mezani, senene mmoja mnene wa kijani, yule panzi wa kuliwa, akatoka kumwogesha mtoto. Aliporudi, bakuli limeoshwa na jikoni kunanukia.

"Mama, huyo alikuwa wa kuchora!"

"Si ungesema," alijibu mama mkwe wake, Adelgunda, akitafuna. "Mimi nimeona senene, nikafanya kinachofanywa kwa senene. Kwani huko Kayanga mnachora chakula?"

"Tunachora sehemu zake, Mama. Mabawa, miguu, vipapasio."

"Yaani vile tunavyotupa!" Adelgunda alicheka mpaka akapaliwa. "Waitu! Mke wa mwanangu anasomea takataka."

Kampire naye akacheka, maana kulia alishalia vya kutosha. Biolojia ilikuwa imemwangusha mara mbili. Mara ya kwanza aliandika kwamba figo ndiyo inayosukuma damu. Mara ya pili akaikumbuka kazi ya figo, akasahau ya moyo. Kila jioni alipanda bodaboda kutoka Kiruruma kwenda darasani Kayanga, akarudi maziwa yamelowesha blauzi na kichwa bado kikavu. Bila biolojia, chuo cha uuguzi kingebaki jengo la kupita nje yake. Mara hii ya tatu Adelgunda alikubali kumlelea mtoto, Ninsiima. Ya nne hakuiahidi.

Mwalimu wao, Protase, aliwaambia kitu kimoja tu. "Mtihani wa vitendo ni Novemba. Siujui mtihani, ila Novemba ya Karagwe naijua."

Novemba ndiyo msimu wa senene, basi Kampire akachora senene. Alichora nyuma ya kalenda, alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Ninsiima alibembelezwa kwa kichwa, kifua na tumbo. Eliud, mumewe, akiuliza chakula kiko wapi, alijibiwa idadi ya miguu ya mdudu.

Jioni ambazo hakuwa na darasa, wanawake wa nyumba ile walizunguka ungo wakinyonyoa senene, na Kampire akikariri. Mdomo ulisema "bawa la mbele," vidole vikaling'oa. Mdomo ukasema "mguu wa nyuma," vidole vikautupa. Hakutazama. Hakuna aliyetazama, kazi hiyo mtoto wa kike wa huku anaijua kabla hajajua kuhesabu.

"Zamani sisi tulinyonyoa tu, walaji ni baba zenu," Adelgunda alisema. "Nyie mnakula, na bado mnakwenda kuwachora. Mmedekezwa."

Siku ya mtihani ikafika. Chumba kilijaa akina mama wenzake wa darasa la jioni. Msimamizi, Bi. Anatolia, mwalimu mkali wa huku huku, kutoka Songambele, alimwekea kila mmoja kisahani kilichofunikwa.

"Sampuli K," alisema. "Moja kwa kila mtu. Ikiharibika, nyoosha mkono, za akiba ninazo hapa mezani. Na sitaki kusikia hata kikohozi."

Kampire akafunua. Senene!

Nusura apige vigelegele. Huyu si mdudu, huyu ni ndugu. Alimjua kuanzia vipapasio mpaka ncha ya tumbo. Tayari alijiona amevaa sare nyeupe, Adelgunda akijisifu kanisani kwamba ndiye aliyemfundisha. Akatulia kama mtu aliyekwisha kufaulu, akaanza kusoma maelekezo polepole, neno kwa neno, kwa kile Kiingereza chake cha kushika ukuta. Akayarudia, asije akajikwaa kama alivyozoea. Kisha akafika kwenye swali lenyewe: chora Sampuli K, onyesha mabawa, vipapasio na miguu yote.

Akachukua penseli. Akatazama kisahani.

Senene alikuwa amelala msafi, laini, tayari kwa kikaango. Pembeni yake kilikuwepo kirundo kidogo cha mabawa na miguu, kimepangwa vizuri.

Damu ilimpanda usoni, na safari hii alijua kabisa kiungo kilichoisukuma. Mara ya nne. Nani atamlea mtoto mara ya nne? Ataanzaje hata kusimulia? Watu hufeli kwa kutojua. Yeye atafeli kwa kusafisha.

Akanyoosha mkono. Hakuitwa.

Akainua macho. Kulia kwake, Vero alikuwa amenyoosha mkono. Mbele, Mackrine alikuwa amenyoosha mkono. Chumba kizima mikono ilikuwa juu, na katika kila kisahani alilala senene msafi, tayari kwa kikaango.

Bi. Anatolia hakuwaona. Alikuwa ameikazia macho saa ya ukutani, asije akamzidishia mtu hata dakika, na vidole vyake, juu ya sahani ya akiba, vilikuwa vinamalizia kumnyonyoa senene wa mwisho.