Misumari ya Neville

Kofia ya msimamizi wa stesheni ilimbana Clifford Entwistle hadi masikio yakawa mekundu, lakini aliapa haivui mpaka amfukuze mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mzee Ackroyd. Beryl, mkewe Clifford, ndiye aliyemkaribisha. Walikutana kwa muuza nyama, mzee akasikia kwamba Clifford amemaliza kuunda kichwa chake kidogo cha treni ya mvuke, Lady Rosamund, na kwamba Jumamosi atakiwasha kwa mara ya kwanza bustanini. Akauliza kwa unyonge kama anaweza kuja kutazama. Beryl alipoifikisha habari hiyo nyumbani alitegemea ugomvi. Badala yake mumewe alimkumbatia, akamzungusha jikoni, kisha akatoka mbio kwenda kununua filimbi.

"Mzee wa watu anakaribia miaka tisini, Clifford," Beryl alimwambia.

"Na mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Mbona hakunihurumia?"

Kisa chenyewe kilikuwa cha enzi za mvuke. Siku hizo kila mvulana wa mji wa Ashwick alikuwa na wazimu wa kuwinda namba za vichwa vya treni na kuziandika daftarini. Clifford na rafiki yake Neville walishinda stesheni kila Jumamosi, penseli sikioni, kipande cha mkate mfukoni. Na kila Jumamosi Ackroyd, msimamizi kijana mwenye sharubu, aliwakamata kola mbele ya abiria na kuwatoa nje kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Wakubwa wa reli walikuwa wamepiga marufuku watoto jukwaani, naye aliitimiza amri hiyo kana kwamba alizaliwa kwa ajili yake.

Lakini penye nia pana njia. Nyuma ya ghala la makaa palikuwa na uzio wa mbao, na ubao mmoja ulikuwa umelegea. Walipenya hapo, wakajibanza nyuma ya mikokoteni ya mizigo, wakaona kila kitu. Ndipo walipomwona Lady Rosamund halisi, kijani kitupu na shaba inayowaka, akipita mara moja tu maishani mwao kabla hajapelekwa kukatwakatwa kuwa chuma chakavu. Clifford alilia kwa furaha siku ile.

Fundi wa stesheni aliupigilia misumari ubao ule kila wiki, na kila Jumamosi waliukuta umelegea tena. Sifa zote zilimwendea Neville, maana baba yake alikuwa seremala. Neville hakuwahi kujigamba. Akiulizwa aliinamisha macho tu, na tangu wapate umri wa kuingia baa, bia yake ya kwanza ya Jumamosi hununuliwa na Clifford.

Basi Jumamosi ikafika na manyunyu yake. Wenzao wa chama cha wapenda treni wakajaa bustanini na vikombe vya chai. Lady Rosamund alisimama kwenye reli iliyozunguka mawaridi. Kwa ukubwa hakumzidi mbuzi, lakini alikula makaa ya kweli, na nyuma yake palikuwa na vigari vya kubeba watu wazima. Clifford alikuwa amejenga jukwaa dogo na kulitundikia kibao: WATAZAMAJI MARUFUKU. Hata uzio wa nyuma aliupigilia misumari mipya asubuhi ile.

"Ackroyd hatapata pa kupenyea," alimwambia Neville, nao wakacheka mpaka Neville akamwaga bia.

Mzee akaja na kofia ya sufu na koti la mvua, mfuko wake mmoja ukining'inia kwa uzito. Aliitazama kofia ya Clifford, akakisoma kibao, midomo ikamtetemeka. Clifford alidhani ni aibu, akazidi kufurahi. Akapuliza filimbi.

"Toka kwenye jukwaa langu," alisema, neno kwa neno kama alivyoambiwa utotoni. "Hapa si uwanja wa kuchezea."

"Ndiyo, bwana," mzee akaitikia kwa adabu. Alipofika getini akageuka. "Treni inaondoka saa ngapi?"

"Mvuke ukipanda. Bila wewe."

Watu walipiga makofi, na Clifford akainama kama mwigizaji. Alikuwa amepanga kumwacha mzee hapo nje kidogo tu, kisha amrudishe kwa kicheko na kipande cha keki. Lakini alipofungua geti, barabara ilikuwa tupu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaita. Furaha yote ikamwishia. Mzee wa miaka ile, peke yake kwenye mvua, na yeye ndiye aliyemfukuza.

Alirudi ameivua kofia. Mvuke ulikuwa umepanda, Lady Rosamund akinguruma taratibu, lakini Clifford hakutaka kuugusa wenzo wa kumwondosha.

Ndipo mbao za uzio zikalia nyuma ya mawaridi. Kofia iliyolowa ilitangulia, likafuata bega, kisha mzee Ackroyd mzima mzima, upandeupande, akachutama nyuma ya toroli la bustani akitoa jicho moja. Bustani nzima ikaangua kicheko. Clifford alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili, hajui acheke au alie.

"Misumari yako umeipigilia vizuri, kijana," mzee alisema akihema, akatoa mfukoni koleo lenye kutu. "Ile ya fundi wetu ilikuwa rahisi. Niliing'oa kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani."

Neville akaiweka glasi yake ya bia mezani, polepole, bila kumtazama mtu.