Mlango wa Saba

Kwa miaka ishirini, mchezo wa video wa mafumbo waliocheza tangu utotoni uliishia kwenye mlango wa saba, ambao haukuwa na ufunguo. Tunu na kaka yake Kombo walizoea kutega sikio kwenye kioo cha televisheni, wakiapa kwamba nyuma ya mlango wanasikia maji. Sasa mchezo umetengenezwa upya, na Tunu ameshaupata ufunguo.

"Bonyeza basi," Kombo alisema.

"Na kama hakuna kitu?"

"Hawawezi kuacha patupu. Watakuwa wameweka chochote."

"Hicho chochote ndicho ninachokiogopa, kaka."

Tunu alipogeuka, alimkuta Kombo ameshaelekeza uso ukutani.

Akabonyeza. Kitasa kililia, mlango ukaanza kusogea. Tunu akafumba macho, akalaza sikio kwenye kioo.